Dizeli Isipofika Kwenye Injini: Anzia Kwenye Tangi

Mada kwa wamiliki, madereva na mafundi wa magari ya dizeli yaliyotumika, Kisumu



Ni saa kumi na moja alfajiri kwenye ufuo wa Dunga. Mashua zimerudi. Pikapu ya dizeli, iliyonunuliwa ikiwa tayari imetumika, imepakiwa mbuta na ngege juu ya barafu, na wanunuzi wanangoja sokoni. Dereva anawasha gari. Injini inanguruma kwa nusu dakika, inakohoa, kisha inazima. Anajaribu tena. Stata inazunguka lakini injini haishiki. Jua linachomoza, barafu inaanza kuyeyuka na simu za wateja zinaanza kulia. Kufikia saa mbili fundi ameitwa, amesikiliza kidogo na ametoa hukumu: "Pampu imekwisha."

Asubuhi kama hiyo inajulikana na kila mtu anayeishi kwa gari la dizeli, kuanzia Usenge hadi Ahero. Hukumu ya fundi huyo huenda ikawa kweli. Lakini mara nyingi pampu huhukumiwa kabla ya ushahidi kukusanywa. Inafunguliwa, inapelekwa kupimwa, inarudishwa kwa bili inayoweza kumeza faida ya mwezi mzima, na gari linazima tena wiki inayofuata. Kumbe kosa lilikuwa kwenye kipande cha mpira chenye bei ya soda.

Ujumbe wa mada hii ni mmoja: fuata njia ya mafuta kuanzia kwenye tangi kwenda mbele, na ukague kitu rahisi kabla ya kitu ghali. Hatua nyingi za mwanzo dereva anaweza kuzifanya mwenyewe, bila kufungua chochote kinachohitaji karakana.

NJIA YA MAFUTA

Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche. Mhandisi Mjerumani Rudolf Diesel, ambaye injini yake iliyofaulu ilijaribiwa mwaka 1897, alitumia joto la hewa iliyobanwa. Hewa inashindiliwa ndani ya silinda hadi inapata joto la kutosha kuwasha mafuta yenyewe, na dizeli inaponyunyizwa humo inawaka papo hapo. Kwa hiyo injini hii inataka hewa ibanwe vizuri, na inataka mafuta safi yafike kwa wakati wake, kwa kipimo chake na kwa shinikizo lake.

Mafuta hayo yana safari. Yanatoka kwenye tangi kupitia chujio dogo lililo chini ya paipu ya kunyonyea. Yanapita kwenye paipu ndefu chini ya gari hadi kwenye filta. Juu ya filta, katika magari mengi, kuna pampu ndogo ya mkono ya kujazia mafuta na kutoa hewa. Kutoka hapo yanaingia kwenye pampu kubwa, ambayo inayasukuma kwa nguvu hadi kwenye nozeli, na nozeli zinayanyunyiza ndani ya silinda. Mafuta yanayobaki hurudi tangini kwa paipu nyingine.

Magari yako ya aina mbili. Pikapu na matatu za zamani zina pampu ya kimakanika, na nyingi zinazotumia pampu ya mzunguko hazina pampu nyingine ya kusukuma kutoka tangini. Pampu hiyo moja ndiyo inayonyonya. Magari ya miaka ya karibuni yana mfumo unaoitwa komon-reli. Pampu hujaza bomba moja nene kwa shinikizo kubwa sana, na nozeli za umeme hufunguka kwa amri ya kompyuta. Shinikizo hilo hufikia baa 1,300 na zaidi. Tairi la gari dogo lina takriban baa mbili na nusu tu. Tofauti hiyo ya shinikizo ina maana kubwa kwa usalama wa anayetengeneza, na suala hilo litarudiwa baadaye.

Kuna jambo moja ambalo kila mwenye gari la aina ya zamani anafaa kulikumbuka. Sehemu yote kati ya tangi na pampu inayonyonya haisukumi mafuta, inayavuta. Paipu ikipasuka kidogo upande huo, injini ikiwa inafanya kazi, mara nyingi hakuna dizeli itakayodondoka. Badala yake hewa ndiyo itakayoingia. Gari linapolala, mafuta hurudi taratibu tangini na hewa kuchukua nafasi yake. Ndiyo maana gari linaweza kuwa kavu chini, bila hata tone sakafuni, lakini liwe na kosa la kuvuja.

DALILI ZINASEMA NINI

Kabla ya kushika spana, tazama na usikilize.

Kwanza, stata inazunguka kwa kasi yake ya kawaida? Ikizunguka kwa uvivu, tatizo ni betri, nyaya au stata yenyewe. Dizeli inahitaji mzunguko wa kasi ili hewa ibanwe na kupata joto. Betri dhaifu imesingiziwa kuwa pampu mbovu mara nyingi.

Pili, tazama bomba la moshi huku mwenzako akipiga stata. Ukiona moshi mweupe au wa kijivu unaotoka bila injini kuwaka, mafuta yanafika kwenye silinda lakini hayawaki. Hapo kagua plagi za kupasha joto, hasa asubuhi ya baridi, kisha mbano wa injini. Usipoona moshi wowote, mafuta hayafiki. Jaribio hili halina gharama hata senti moja, na linagawa matatizo katika mafungu mawili.

Tatu, kosa linatokea wakati gani? Gari linalowaka vizuri asubuhi, likakohoa na kuzima baada ya nusu dakika, kwa kawaida limetumia mafuta yaliyobaki kwenye filta na pampu, kisha likakutana na hewa au kizuizi. Gari linalotulia vizuri likiwa limesimama, lakini linaishiwa nguvu likiwa na mzigo kwenye mpando wa Kiboswa, lina njia iliyobanwa: filta imejaa uchafu, chujio la tangini limeziba, au paipu imekunjika. Injini ikisimama inahitaji mafuta kidogo. Ikipanda mlima na mzigo inahitaji mengi, na hapo kizuizi hujitokeza.

Gari linalopanda na kushuka mlio lenyewe, kana kwamba mtu anachezea pedali, mara nyingi lina hewa kwenye mafuta. Lile linalozima ghafla kama limezimwa kwa ufunguo lina dalili ya kosa la umeme. Na gari linalotoa moshi mweusi mzito halina njaa ya mafuta hata kidogo. Linapata mafuta mengi kuliko hewa. Hapo anzia kwenye chujio la hewa, turbo na nozeli.

UKAGUZI KWA MPANGILIO

Hatua ya kwanza ni tangi. Je, kuna mafuta kweli? Geji za magari makuukuu hudanganya. Kisha legeza kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikivutwa kwa nguvu, na gari likapata nafuu baada ya hapo, tundu la kupumulia la tangi limeziba. Mafuta yakitoka bila hewa kuingia, tangi linakuwa kama chupa inayonyonywa, na mwishowe linagoma kutoa.

Hatua ya pili ni maji. Chini ya filta nyingi kuna skrubu ya kutolea maji. Weka chupa safi ya kioo, fungua kidogo, na toa kiasi cha glasi moja. Iache chupa itulie kwa dakika kumi na tano. Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo yatakaa chini na mstari utaonekana wazi. Dizeli nzuri ni angavu. Ikiwa na ukungu, ina maji yaliyochanganyika. Ukiona utelezi mweusi kama ute, hivyo ni vijidudu na kuvu vinavyoota pale maji na dizeli vinapokutana. Kubadilisha filta peke yake hakutatosha. Tangi lishushwe na lioshwe.

Hatua ya tatu ni pampu ya mkono. Asubuhi, kabla ya kupiga stata, ibonyeze. Ikiwa laini na inahitaji kubonyezwa mara nyingi kabla ya kuwa ngumu, na kisha gari likawaka mara moja, mafuta yalirudi tangini usiku na kuna mahali hewa inaingia. Ikikataa kabisa kuwa ngumu, ama mafuta hayafiki, ama pampu hiyo ya mkono yenyewe imechoka. Utando wake wa mpira huzeeka na kupitisha hewa, na hilo ni kosa la kawaida katika magari yenye umri mkubwa. Ikiwa ngumu tangu mwanzo na gari bado haliwaki, mafuta yamefika kwenye pampu kubwa, na swali linahamia mbele.

Hatua ya nne ni kutafuta hewa. Badilisha kipande kifupi cha mpira kabla ya pampu kwa mpira unaoona ndani, ulio imara na unaofaa kwa dizeli. Washa injini na utazame. Povu dogo la mwanzo si neno. Mstari wa mapovu usiokwisha ni ushahidi. Hapo kagua kila kibano, kila wosha ya shaba, pete ya filta, na vile vimipira vyembamba vya kurudishia mafuta vilivyo juu ya nozeli. Vimipira hivyo hukauka na kupasuka kwa joto, na bei yake ni ndogo kuliko kitu kingine chochote kwenye orodha hii.

Hatua ya tano ni mtungi. Hili ndilo jaribio linalookoa pesa nyingi kwenye magari ya pampu ya kimakanika. Chukua mtungi safi wa lita tano wenye dizeli safi. Chomoa paipu inayotoka tangini pale inapoingia kwenye filta, na badala yake unganisha mpira unaotoka kwenye mtungi. Paipu ya kurudisha nayo ielekezwe mtungini. Mtungi uwekwe chini karibu na usawa wa tangi, mbali na bomba la moshi, kwa sababu ukiuinua juu mafuta yatateremka yenyewe na kuficha kosa. Toa hewa, washa, na acha injini ifanye kazi kwa robo saa ikipandishwa kasi mara kwa mara. Ikiwa sawa, kosa liko nyuma: tangi, chujio lake au paipu ya chini ya gari. Ikiendelea kukohoa, kosa liko kwenye filta au mbele yake. Kwa dakika kumi na tano, gari lote limegawanywa nusu kwa nusu.

Hatua ya sita ni umeme wa kuzimia. Pampu nyingi za mzunguko zina vali ndogo ya umeme inayofungua mafuta ufunguo unapowashwa. Mwenye sikio karibu na pampu atasikia "tik" ufunguo unapogeuzwa. Usiposikia, kagua fyuzi, waya, na umeme kama unafika. Usisahau kengele za wizi na vifaa vya kufuatilia gari ambavyo wakopeshaji wengi hudai vifungwe. Baadhi yake huunganishwa kwenye waya huohuo, na kiungo kilicholegea huzima gari barabarani bila onyo.

Hatua ya saba, na hapo tu, ni pampu kubwa na nozeli. Zikifunguliwa, zipelekwe kwa mtaalamu mwenye mashine ya kupimia. Pampu na nozeli hazirekebishwi kwa kukisia, na skrubu ya kipimo cha mafuta haizungushwi ili kuficha ukosefu wa nguvu. Mwenye gari ana haki ya kuomba matokeo ya kipimo kabla ya kulipa, na kurudishiwa vipuri vilivyotolewa. Swali moja la heshima linatosha: "Fundi, umepima nini mpaka sasa?"

Kwa magari ya komon-reli, hatua za tangi, maji, filta na hewa ni zilezile. Baada ya hapo unahitajika mtambo wa kusoma kompyuta ya gari: shinikizo linalotakiwa ni lipi, na linalopatikana ni lipi? Fundi apime pia kiasi cha mafuta yanayorudi kutoka kwa kila nozeli. Nozeli moja inayorudisha mengi kupita kiasi inaweza kuzuia bomba zima lisijae, na gari likakataa kuwaka ilhali pampu ni nzima.

KWA NINI ZIWANI TATIZO NI KUBWA

Dizeli inayouzwa Kisumu imetoka mbali. Bomba la mafuta kutoka pwani lilifika Kisumu mwaka 1994. Kutoka kwenye bohari mafuta hupakiwa kwenye malori, humiminwa kwenye matangi ya ardhini ya vituo, na mwishoni hufika kwenye gari. Sehemu nyingine yake huingia kwenye mitungi na kupelekwa kwenye fuo zisizo na kituo karibu. Kila mafuta yanapobadilisha chombo, maji na vumbi hupata nafasi mpya.

Hewa ya ziwani ina unyevu mwingi. Tangi linalolala nusu tupu lina nafasi kubwa ya hewa hiyo. Usiku ukipoa, unyevu hugeuka matone kwenye kuta za tangi na kushuka chini. Gari linalojazwa jioni badala ya asubuhi halitoi nafasi hiyo. Si kila mtu ana pesa ya kujaza tangi kila siku, na hilo linaeleweka. Lakini kiasi kilekile cha pesa kikinunua mafuta jioni, kinafanya kazi zaidi kuliko kikinunua alfajiri.

Msimu wa mvua una hatari yake. Tambarare za Nyando hufurika, na madereva hupita kwenye maji yanayofikia tumbo la gari. Tundu la kupumulia au kifuniko kisichoziba vizuri huingiza maji tangini. Baada ya kupita kwenye mafuriko, toa maji kwenye filta siku hiyohiyo, bila kungoja taa ya dashibodi. Na lori la mafuta likiwa linashusha kituoni, ni busara kungoja au kwenda kwingine, kwa kuwa uchafu wa chini ya tangi la kituo huwa umetibuliwa.

Tatizo lingine ni mafuta yaliyochanganywa. Dizeli haichomwi tu. Inalainisha pampu na nozeli pia. Mafuta ya taa hayalainishi vizuri, na pampu inayoyanywa kila siku inasagika yenyewe. Mwaka 2018 serikali ya kitaifa iliweka tozo ya Sh18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya kuyachanganya na dizeli. Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, ndiyo yenye jukumu la kukagua ubora wa mafuta vituoni na kutangaza bei za juu kabisa kila tarehe 14 ya mwezi. Dizeli inayouzwa kando ya barabara kwa bei ya chini mno haina stakabadhi, na mnunuzi wake hana pa kushtaki. Anayenunua kituoni ahifadhi stakabadhi. Akishuku mafuta, aweke sampuli kwenye chupa safi ya kioo, aandike tarehe na mahali, kisha apeleke malalamiko EPRA. Chupa na stakabadhi vina uzito kuliko kelele.

MAISHA KWANZA

Makosa manne ya karakana yanaweza kumaliza mtu.

La kwanza ni kunyonya dizeli kwa mdomo. Tone likiingia kwenye mapafu huleta ugonjwa mbaya wa mapafu. Tumia pampu ya mkono ya kunyonyea. Aliyemeza asilazimishwe kutapika, kwa sababu mafuta yakirudi juu ndipo huingia mapafuni, apelekwe hospitali.

La pili ni kulegeza paipu za shinikizo za komon-reli injini ikiwa inafanya kazi. Mafundi wa zamani walizoea kulegeza nati ya kila nozeli ili kujua ipi haifanyi kazi. Kwa komon-reli, mafuta yanatoka kwa nguvu inayopenya ngozi. Kidonda huonekana kama kuchomwa na sindano, hakiumi sana mwanzoni, lakini ndani nyama inakufa. Mtu aliyepigwa na mafuta hayo aende hospitali saa hiyohiyo na aeleze kilichotokea, hata kama damu haitoki. Asingoje uvimbe.

La tatu ni kunyunyiza dawa ya kuwashia kwenye njia ya hewa ya injini yenye plagi za kupasha joto. Inaweza kulipuka kabla ya wakati na kuvunja injini, au kumchoma anayenyunyiza.

La nne ni moto. Dizeli haiwaki upesi kama petroli, lakini ikinyunyizika kama ukungu juu ya chuma chenye moto, inawaka. Katika eneo la ziwa, watu hawajasahau Julai 2021 pale Malanga, Gem, kwenye barabara ya Kisumu kwenda Busia, ambapo watu zaidi ya kumi walifariki wakichota petroli kwenye lori lililopata ajali. Sigara, jiko la makaa na mashine ya kuchomelea vikae mbali na gari lililofunguliwa paipu za mafuta.

Na mafuta machafu yanayotolewa yaende wapi? Si kwenye mtaro. Mito ya Kisat na Auji hupita mjini Kisumu na kuishia ziwani, na sehemu ya maji ya mji huu huchotwa na kusafishwa Dunga. Dizeli iliyomwagwa karakanani inarudi kwa aliyeimwaga, kupitia bomba la jikoni na kupitia samaki. Ikusanywe kwenye chombo chenye kifuniko na ipelekwe kwa wakusanyaji wa mafuta machafu wenye leseni.

KABLA YA KUNUNUA

Sheria ya Kenya, kupitia kiwango cha ubora KS 1515, hairuhusu gari lenye zaidi ya miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza kuingizwa nchini. Lakini pikapu nyingi zinazouzwa kando ya ziwa ziliingia zamani, na zimebadilisha mikono mara kadhaa hapahapa nchini. Historia ya filta na mafuta yake haijaandikwa kwenye logibuku.

Mnunuzi aende asubuhi na mapema, na aguse injini kabla haijawashwa. Ikiwa na joto, muuzaji ameificha dalili ya kuwaka kwa shida. Abonyeze pampu ya mkono. Atoe mafuta kidogo kwenye filta na ayatazame kwenye chupa. Ageuze ufunguo na atazame taa zote kwenye dashibodi: taa ya onyo isiyowaka kabisa hata ufunguo ukiwa umewashwa huenda imeng'olewa ili isiseme ukweli. Kisha aliendeshe gari kwenye mpando, kwa mfano kutoka Mamboleo kwenda Kiboswa, ikiwezekana likiwa na mzigo. Gari lenye njaa ya mafuta linaweza kudanganya kwenye barabara tambarare, lakini mlima utalifichua.

Akishanunua, gharama ya kwanza iwe filta mpya ya kweli kutoka kwa muuzaji anayeaminika, vimipira vipya vya kurudishia mafuta, na usafi wa tangi. Filta mpya isijazwe kwa dizeli ya kumimina kutoka mtungini, maana uchafu huingia moja kwa moja upande uliosafishwa. Ijazwe kwa pampu ya mkono. Baada ya hapo, ratiba ya kitabu cha gari ifuatwe, na ifupishwe kwa gari linalofanya kazi kwenye vumbi na matope. Tarehe ya kila badiliko iandikwe kwenye daftari linalokaa ndani ya gari, ili dereva, mwenye gari na fundi wasome habari moja.

KURUDI DUNGA

Turudi kwa dereva wa alfajiri ile. Stata yake ilizunguka vizuri, kwa hiyo betri si mshukiwa. Alipojaribu tena, bomba la moshi halikutoa moshi, kwa hiyo mafuta hayafiki. Injini iliwaka nusu dakika kabla ya kuzima, kwa hiyo kulikuwa na mafuta kidogo kwenye filta, kisha hewa au kizuizi. Kabla fundi hajafika, dereva huyo angeweza kulegeza kifuniko cha tangi, kutoa mafuta ya filta kwenye chupa na kubonyeza pampu ya mkono. Pampu hiyo ikiwa laini, ikakazika baada ya kubonyezwa mara thelathini, na gari likawaka, samaki wangefika sokoni kabla barafu haijaisha. Mchana angetafuta mahali hewa inapoingia, akiwa na jibu nusu mkononi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa gari la dizeli ufa huanzia kwenye mpira mdogo, tone la maji au filta iliyosahaulika. Ukuta wake ni pampu, nozeli, mkopo wa kuzilipia, na mteja aliyechoka kungoja akaenda kwa mwingine. Anayejua njia ya mafuta hahitaji kuwa fundi. Anahitaji chupa moja ya kioo, subira ya dakika kumi na tano, na ujasiri wa kumwambia fundi wake kwa heshima: "Tuanzie kwenye tangi."